Kodi za 7, 9, 11 na 13: jinsi ya kuziingiza kwa wimbo wako bila kuharibu wimbo

Nikisema kodi hapa sio ile ya landilodi ya tarehe tano, ni zile za kibodi na gitaa. Naandikia mtu ambaye C, F, G na Am anazijua usingizini, ameshatunga nyimbo zake tatu nne, na sasa ameanza kugundua zote zinafanana kama watoto wa mama mmoja. Huyo mtu nilikuwa mimi. Halafu nikajua kodi kubwa kubwa zinaitwa 9 na 13 na nikaharibu mambo zaidi.

Kulikuwa na kesha moja upande wa Eastlands, sitasema kanisa gani, mimi G13 nimeijua juzi Alhamisi na vidole vinawasha, wimbo wa kuabudu umefika ile sehemu ya polepole nikaishusha hiyo kodi na mikono miwili, noti saba zote, kushoto nimejaza na kulia nimejaza. Ikatoka sauti kama lori la mchanga likipanda mlima. Mpiga besi wetu, mzee ambaye alikuwa kwa hiyo kazi kabla mimi nizaliwe, hakusema kitu, alishusha tu volyumu ya besi yake mpaka sufuri akakaa hapo ananiangalia mpaka wimbo ukaisha. Kwa chai akaniuliza, "Kijana, wewe ukipiga zote, mimi nipige gani?"

Hiyo swali ndio mwongozo wote, ukweli. Hizi kodi zinaitwa kubwa lakini kazi yako ni kuchagua noti za kutoa, na ile moja ya rangi utakayobakisha, mara nyingi melodi yako imeshaichagua kabla hata hujagusa kibodi. Twende polepole.

Hatua ya kwanza: jenga ghorofa

Kaa kwa kibodi, hata ile ndogo ya batani 61 inatosha. Weka kidole kwa C. Ruka D, bonyeza E. Ruka F, bonyeza G. Hiyo ni C meja ya kila siku, unaijua. Sasa usisimame hapo. Ruka A, bonyeza B. Ruka C, bonyeza D. Ruka E, bonyeza F. Ruka G, bonyeza A. Ukiruka tena unaangukia C, umerudi nyumbani, noti zimeisha. Yaani kodi ya 13 ikiwa kamili ni skeli yote saba imepangwa kwenda juu kama ghorofa za Pipeline, hakuna noti ya kigeni hapo, ni do re mi ileile umeimba tangu Sunday School.

Na majina yanatoka hapo hapo. Hesabu kutoka C: B ni ya 7, C ya juu ni ya 8, D inakuwa 9, F inakuwa 11, A inakuwa 13. Kwa hivyo 9 ni ileile 2 imehamia orofa ya juu, 11 ni 4, na 13 ni 6. Watu wa kwaya mna raha hapa kwa sababu solfa, yaani do re mi iliyoandikwa kwa herufi d r m f s l t, inawapa kila kitu bure. Hiyo solfa ilianzia Uingereza kwa Sarah Glover, John Curwen akaitengeneza na kuisambaza karne ya 19, wamishonari wakatuletea, na mpaka leo kuna mwalimu wa kwaya Nairobi hawezi kusoma mistari mitano ya noti lakini ukimwandikia d m s t r anakupigia papo hapo. Hiyo d m s t r ndio C kubwa yenye 9.

Hatua ya pili: 7 iko na sura mbili

Hii ndio inachanganya wasee wengi kwa hivyo tukae hapa kidogo. Ukiona Cmaj7, ile 7 ni B, semitoni moja chini ya C, yaani batani jirani kabisa, nyeusi zikihesabiwa. Ukiona C7 bila neno lingine, ni B flati, ile nyeusi iliyo kushoto ya B. Tofauti ni batani moja tu lakini tabia ni usiku na mchana. Cmaj7 imetulia, mtu ameketi dirishani na chai. C7 ina presha, inataka kwenda F, na ukiipiga mahali wimbo ulikuwa unapumzika kila mtu anasikia umeongeza swali ambalo halikuulizwa.

Sasa hiyo 7 inabebwa mpaka juu. C9 iko na B flati ndani yake, Cmaj9 iko na B. Cadd9 haina 7 kabisa, ni C E G na D tu, na kusema kweli kwa nyimbo nyingi za gitaa hiyo ndio unatafuta, sio hizo zingine. Vilevile A ukiiweka kwa C bila 7 watu huandika C6, ikiwa na 7 ndio inaanza kuitwa 13.

Ukibaki kwa kii ya C na zile nyeupe peke yake, za 7 zinatoka hivi: Cmaj7, Dm7, Em7, Fmaj7, G7, Am7, halafu ile ya B ambayo inasikika kama jino linauma, iache kwanza. Ukiongeza 9 kwa C, D, F, G na Am zote zinakubali vizuri. Em inakataa. Ya 9 yake kwa hizo nyeupe ni F, ambayo iko semitoni moja tu juu ya E, na inauma. Em iache na 7, ukitaka kuipamba mpe A, yaani 11, hiyo inakaa poa.

Hatua ya tatu: toa, toa, toa

Mwenye besi yuko? Basi msingi wa kodi ni wake, mwachie. Ukiwa peke yako, kidole kimoja cha kushoto kinatosha. Halafu noti ya 5, ile G ndani ya C, toa pia, haibadilishi kitu, sikio linaijaza lenyewe. Zinazobaki muhimu ni mbili, 3 na 7, kwa sababu hizo ndio zinasema kodi ni meja ama maina, imetulia ama ina presha. Ya nne, ukihesabu na msingi, ni rangi yako, 9 ama 13. Tatu kulia, moja kushoto, basi.

Na mbona kesha ile ilitoka lori la mchanga? Sio ushamba peke yake, kuna hesabu. A ya besi, ule uzi wa A ukiupiga wazi, inatetemeka mara 55 kwa sekunde. Noti ya tatu juu yake, C shapu, ni kama 69. Zimekaribiana sana, zinagombana, unasikia mngurumo. Peleka noti hizohizo okteva tatu juu, A ya 440 na C shapu ya 554, zimeachana na zinasikika tamu. Kodi ni ileile, mtaa ndio umebadilika. Kwa hivyo ukishuka chini ya ile C iliyo okteva moja chini ya C ya katikati, usibonyeze noti mbili jirani hata kama mkono wa kushoto unawasha, piga moja ama uachanishe ziwe okteva.

Hatua ya nne: vidole vitatu ambavyo vitakulipia ada

Hii ifanye sasa hivi kabla hujaendelea kusoma.

Kushoto piga D, ya chini kabisa ambayo haingurumi. Kulia bonyeza F iliyo chini kidogo ya C ya katikati, hiyo C yenyewe, na E iliyo juu yake. F C E. Hiyo ni Dm9. Sikia hiyo kitu.

Sasa kushoto hamia G. Kulia usisongeshe mkono, kidole cha katikati tu kishuke kutoka C hadi B. F B E. Hiyo ni G13, ileile iliyoniaibisha, na imekuja kwa kidole kimoja.

Kushoto nenda C. Kulia F ishuke iwe E, B ibaki hapo hapo, E ishuke iwe D. E B D. Hiyo ni Cmaj9 na umefika nyumbani.

Kwa solfa ni f d m, halafu f t m, halafu m t r. Angalia vile hakuna kidole kimeruka, wote wanatembea hatua moja ama wanabaki, na hiyo ndio siri ya wale wapiga kibodi unawasikia wanapiga kama maji. Mwendo wenyewe watu wanauita mbili-tano-moja, kwa sababu D ni noti ya pili ya skeli ya C, G ya tano na C ya kwanza, na uko kila mahali, kwa jazi, kwa injili, kwa zile rumba za polepole. Mimi nilipewa huu mpango na jamaa mmoja studio ya River Road tukingojea stima irudi, akanionyesha hewani na vidole kwa meza kwa sababu kibodi ilikuwa imezima, na nilipofika keja nikaupiga mpaka jirani akagonga ukuta.

Ukishazoea, ongeza mlango wa nyuma. Kabla ya Dm9, kushoto piga A, kulia G, C shapu na F. Hiyo ni A7 yenye 13 iliyoshushwa semitoni. Noti zote tatu zinateremka moja kwa moja kuingia F C E, kama watu wanashuka ngazi za footbridge. Mbona imeshushwa? Kwa sababu unaenda D maina, na F ni ya nyumba hiyo. Ungekuwa unaenda D meja ungeiacha juu, F shapu. Usiiweke kila mahali lakini, mara moja kwa korasi inatosha kabisa.

Wa gitaa: uzi wa tano fret 5, wa nne fret 3, wa tatu na wa pili fret 5, hiyo ni Dm9. Halafu uzi wa sita fret 3, ruka wa tano, wa nne fret 3, wa tatu fret 4, wa pili fret 5, hiyo ni G13. Halafu uzi wa tano fret 3, wa nne fret 2, wa tatu fret 4, wa pili fret 3, Cmaj9. Uzi wa kwanza usiuguse kwa zote.

Hatua ya tano: shikilia mi

Hapa ndio tunaanza kutunga sasa. Imba mi, yaani E, uivute bila kuacha. Chini yake piga C, halafu Dm, F, G7, Am, kodi za kawaida tu. Noti hujabadilisha hata kidogo, lakini sikia vile inabadilika: kwa C ni ya 3, imetulia nyumbani. Kwa Dm ni 9, inaelea. Kwa F ni 7 ile tamu. Kwa G7 ni 13, inang'ang'ana kidogo. Kwa Am ni ya 5, haina maoni.

Umeona? Ukiwa unaimba mi juu ya G7, wewe tayari umetengeneza kodi ya 13, hata kama kidole chako hakijui. Ndio maana nasema rangi inatoka kwa melodi. Watu wengi wanafanya kinyume, wanachukua mwendo umejaa 9 na 11 na 13 kutoka kwa video, halafu wanatafuta melodi ya kupita katikati ya hizo noti zote, na melodi inakosa nafasi kama mtu wa mwisho kuingia matatu saa kumi na mbili jioni.

Hatua ya sita: tupambe wimbo mmoja mpaka uone

Tuseme nina beti hii, nimeitunga sasa tu kwa mfano:

Mvua imenikuta steji
na simu yako imezimwa
matatu zote zimejaa
nakungoja

Kodi zangu za kwanza ni C, Am, F, G, kodi nne za kila mtu. Sasa sitafuti kodi mpya, natafuta noti ndefu, ile ambayo sauti inalala mwisho wa kila mstari. "Steji" nimeilaza kwa re. Re juu ya C ni 9, kwa hivyo hapo naandika Cmaj9, na vizuri, kwa sababu mtu amenyeshewa, hajatulia, C tupu ingekuwa inamdanganya msikilizaji kwamba mambo ni sawa. "Imezimwa" inalala kwa do. Do kwa Am ni noti ya ndani tayari, haina cha kuongeza, naweka Am7 na nasonga. "Zimejaa" inalala kwa mi juu ya F, hiyo ni Fmaj7 imejileta yenyewe. Na "nakungoja" naiacha kwa mi hiyohiyo juu ya G: 13.

Mi mbili zimefuatana, ya kwanza tamu na ya pili inauma kidogo, na neno pale ni kungoja. Ukirudi C mwanzo wa ubeti wa pili hiyo mi inakuwa ya 3, imefika. Huyo mtu kwa steji hajapata gari lakini sikio limepata. Sikuongeza kodi hata moja, ni zilezile nne.

Kosa ambalo ningefanya zamani ni kuipa Am nayo 9 na 11 ndio ifanane na wenzake. Hapana. Mstari mmoja ukiwa mkavu ndio unafanya unaofuata usikike umepakwa mafuta. Ndio maana pia kwa ubeti mimi huacha kodi za kawaida ama 7 peke yake, rangi naileta korasi, na ubeti wa pili naongeza kidogo tu. Ukianza na 13 kwa intro utakuwa umemaliza pesa yote kabla ya katikati ya mwezi.

Ile 11 sasa

Nimeiruka kwa makusudi kwa sababu ni mkorofi. Kwa kodi ya meja, 11 ya C ni F, na F iko semitoni moja kutoka E ambayo ni ya 3. Wakikutana wanapigana, na sio ule ugomvi mtamu. Una njia tatu. Moja, toa ya 3 kabisa, na hii ndio wapiga kibodi wa kanisa wanapenda bila hata kujua jina: kushoto G, kulia F A C, yaani kodi ya F imekaa juu ya G. Haisemi ni meja wala maina, inaning'inia, na mhubiri anaweza kuongea juu yake dakika kumi bila mtu kuchoka. Ya pili, ipandishe semitoni, F shapu kwa C, inatoa mwanga fulani wa ajabu, lakini itumie mwisho wa wimbo ama mahali kuna ndoto. Ya tatu ni kuipeleka kwa maina, huko haina noma: Dm11, D na F na C na G, 3 na 11 zimeachana hatua nzima na wanaishi kwa amani.

Ukiwa na watu

Kwaya inaweza kuimba hizi kodi bila kibodi. Chukua kii ya G, besi wakae do, tenor mi, alto ti, soprano re. Hiyo ni Gmaj9, ya 5 tu ndio tumetoa, na kila mtu ana noti moja tu. Alto watalalamika ti inawavuta kwenda do, waambie wakaze, na wafundishe wakiwa wameshika noti yao kwanza mbali na soprano. Mwisho wa wimbo ukitaka, washushe soprano kutoka re hadi do na alto kutoka ti hadi so, tenor abaki mi, inafunga kama mlango wa gari mpya.

Benga nayo, pole, mimi siziweki. Gitaa la solo linakimbia noti moja moja, besi nayo inaongea kama inadaiwa, kodi yenye 9 na 13 katikati ya hao wawili inakuwa matope, wimbo unahitaji 1, 4 na 5 safi. Labda kwa ule mwanzo wa polepole kabla ngoma ziingie, hapo 9 moja ya gitaa inakubalika. Kuna watu watakataa, sawa.

Na ukitumia ile batani ya transpozi kucheza kila kitu kwa C, sikuchukii, hata mimi nimekula nayo mkate, lakini mpango wa vidole vitatu ujifunze pia kwa F na G na B flati, kwa sababu siku moja mtaweka mpiga saksafoni na hutakuwa unajua unamwambia kii gani. Kwa F ni B flati F A, halafu B flati E A, halafu A E G, kushoto ikiwa G, C, F. Zingine zitafute mwenyewe, dakika ishirini kila jioni, wiki mbili zimeisha.

Kabla hujapeleka demo kwa prodyuza, rekodi mara mbili na simu, moja na kodi za kawaida, moja na hizi zako mpya, sauti ileile. Sikiliza kesho yake ukiwa kwa mat na kelele zote za Jogoo Road, na spika ya simu sio hedifoni. Pale ambapo huwezi kutofautisha, rudisha kodi ya kawaida. Halafu kwa karatasi ya bendi andika jina la kodi na ile noti moja ya rangi, "G13, mi juu", usimwandikie mpiga besi kitu kingine chochote zaidi ya G.